Jina Langu Bado Limo Kwenye Sajili

Mmeniomba niwaandikie ya kazini, ninyi vijana wa kampuni mbalimbali mnaopanda minara ya Morogoro siku hizi. Nilikubali kwa furaha. Nilikuwa nimeshaanza habari ya nyuki waliotuteremsha mnarani Mikese, maana hiyo huwa inawachekesha. Halafu juzi Jumanne nikafungua ukurasa wa sajili ya anwani za mtandao, ule ambao mtu yeyote duniani anaweza kuufungua, nikaandika namba za kitalu chetu, nikakuta jina langu. Mkude, msimamizi. Chini yake barua pepe yangu ya kazini, ambayo hata paswedi yake sina tena.

Nimestaafu, huu ni mwaka wa pili. Ninyi wa kampuni yangu ya zamani nimewaambia mara tatu mlitoe jina langu pale. Na kibao kipya cha kampuni nimekiona kwa macho yangu, kimeshafungwa pale karibu na Msamvu. Mnabadilisha jina tena mwezi ujao. Kwa hiyo nyuki watasubiri. Naandika nikiwa na hasira, na nimeona ni haki niwaambie mapema, ili anayesoma ajue pa kupunguza.

Mimi sikusoma sana. Darasa la saba, halafu miaka miwili ya chuo cha ufundi, umeme wa majumbani. Maneno mengi ya kazi hii niliyasikia kwa mara ya kwanza nikiwa nimening'inia kwenye mkanda, upepo unavuma, na huwa sina hakika kama niliyasikia sawasawa. Nikikosea, Rehema atasahihisha. Yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti changu, na ana digrii. Sehemu ya hasira hii ni yake, sehemu ni ya Mkurugenzi, na nitajaribu kugawa bila upendeleo. Fungu kubwa ni langu mwenyewe, na mtaona kwa nini.

Nianze na kitu chenyewe, kwa ajili ya yule aliyeandika kwenye kundi letu la simu, "Mzee, anwani si tunapewa tu na wale wa juu?" Huyo simtaji. Kila kitu kinachoongea kwenye intaneti, iwe simu, kompyuta au mashine ya vipimo kule kituo cha afya, kinahitaji namba ambayo hakuna mwingine anayo kwa wakati huo. Dunia imegawanywa kwa kanda, na kila kanda ina sajili yake. Kanda yetu ni Afrika pamoja na visiwa vyake. Sajili haikuuzii namba. Inakukabidhi kitalu, yaani namba nyingi zinazofuatana, ukionyesha kwamba una kazi nazo, na inaandika jina la kuulizwa. Na kanuni za kugawa hazitungwi na wafanyakazi wa sajili. Hapo ndipo wengi wenu mnapopotea. Zinatungwa na watu. Yeyote mwenye barua pepe anajiunga na orodha ya mazungumzo, anapendekeza, anapinga, anauliza. Hawapigi kura. Wanabishana mpaka pingamizi la maana liishe, kisha unatolewa wito wa mwisho, na atakayenyamaza mpaka siku ziishe amehesabiwa kuwa amekubali.

Sisi Waluguru hilo halitusumbui kichwa. Shamba la mlimani ni la lukolo, ukoo wa upande wa mama. Unalima, unakula, unapanda migomba, lakini huwezi kumuuzia mtu wa Dar kwa kuwa tu umechoka kupanda mlima. Ukiacha kulima, linarudi. Na usipofika kikaoni ukasikia binamu yako kapewa bonde ulilolitaka, utalia na nani. Mama Msuya aliponieleza habari za sajili kwa mara ya kwanza alitumia saa nzima na ubao. Alipomaliza nikamwambia, "Mama, hii ni kama shamba la lukolo." Akanitazama, akafuta ubao wote. "Ungesema mapema," akasema, "ningeokoa chaki yangu."

Huyu Mama Msuya ni Mpare wa Same, mhandisi, ndiye aliyetufungulia mtandao wetu wakati kampuni ina watu watano na gari moja bovu. Kitalu aliomba yeye, fomu alijaza yeye, maswali ya sajili alijibu yeye, usiku na mchana, mpaka tukapewa. Mimi nilikuwa wa kupanda tu. Aliniondoa mnarani akanikalisha mezani kwa sababu ya kosa moja, na kosa hilo nitawaeleza, maana kuna mtu kati yenu amelirudia mwezi uliopita na anadhani sijui.

Nilikuwa na miezi miwili kazini. Nikafunga redio, kile kisanduku cha kupokea intaneti, kwa mfanyabiashara mmoja wa mchele pale Dumila, nikaipa namba. Wiki hiyohiyo nikafunga nyingine kwenye shule moja ya upande wa Kingolwira, na namba nikaikumbuka kichwani, kumbe kichwani mlikuwa na ileile ya Dumila. Vitu viwili vyenye namba moja haviwezi kuongea pamoja. Kimoja kikishika, kingine kinakuwa bubu. Yule wa mchele akanipigia simu siku tatu mfululizo.

"Fundi, nikuulize kitu," akasema siku ya tatu. "Huu mtandao wenu unasoma?"

"Unasoma vipi, mzee?"

"Saa mbili asubuhi unaondoka. Saa nne na nusu unarudi kidogo, kama umetoka mapumziko. Jumamosi na Jumapili uko nyumbani siku nzima. Juzi walimu walikuwa na semina, nao haukwenda. Niambie kama nimnunulie na daftari."

Mama Msuya alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka. Akaninunulia kaunta buku na penseli, akachora mistari: namba, nani anayo, tangu lini, nani wa kuulizwa. Nikamuuliza kwa nini penseli, wakati kalamu ndiyo haifutiki. Akasema, "Kwa sababu watu wanahama, Mkude. Kitabu ambacho hakifutiki kinaanza kudanganya mwaka wa pili." Kaunta buku hiyo ninayo hadi leo, kurasa zake zimetoboka kwa kufutwa. Ninyi mna majedwali ya kompyuta yenye rangi. Sawa. Lakini Rehema, jedwali lako lina redio ya mteja aliyehama Mji Mpya mwaka juzi, na bado imepakwa kijani, kana kwamba inafanya kazi.

Sasa niseme habari ya orodha. Mama Msuya alipokaribia kustaafu aliniandikisha kwenye orodha ya mazungumzo ya kanda, akaweka jina langu kwenye sajili kama msimamizi wa kitalu. Akanichukua hadi Dar kwenye mkutano mmoja wa mafundi, nikaona watu wa nchi mbalimbali wakisimama kwenye kipaza sauti, kila mmoja anasema jina, anasema anakotoka, anabisha. Mwingine suti, mwingine ndala. Mama aliponigusa bega nisimame, nikasema naenda msalani. Nilikaa huko mpaka nikasikia vikombe vya chai.

Nisijifiche. Niliogopa Kiingereza changu. Kila asubuhi nilifungua zile barua za orodha, nikasoma kwa kamusi, na mara nyingi nilikuwa na neno la kusema. Kuna wakati walikuwa wanabishana kuhusu namba za mtindo wa zamani, ambazo zinakwisha, kama mwenye kitalu aruhusiwe kukikodisha kwa watu wa mbali ambao hawana hata nguzo moja Afrika. Nilijua ninachotaka kusema. Nilikiandika kwa penseli nyuma ya kaunta buku, mistari minne. Sikukituma. Nilijiambia kwamba wasomi wapo, watasema. Baadaye nikagundua wasomi nao wengi walikuwa wanajiambia hivyohivyo. Miaka kumi na moja nilikaa kwenye orodha ile na sikuandika hata neno moja. Mimi, niliyekuwa nawafokea mafundi wangu wakija kikaoni bila kusema kitu.

Halafu kampuni ikabadilisha jina kwa mara ya kwanza. Akapatikana mwekezaji, zikaja fulana mpya, na barua pepe mpya zenye jina jipya. Nilimfuata Mkurugenzi ofisini kumwambia tuendelee kulishikilia jina la zamani la mtandao, lile la mwisho wa barua pepe zetu, linalolipiwa kila mwaka, kwa sababu barua pepe niliyoiandikisha kwenye sajili ilikuwa ya jina lile.

"Mzee Mkude," akasema, "lile jina limekufa. Utalizika mara ngapi?"

"Lakini bosi, kuna barua zinakuja huko."

"Barua gani?"

Hapo ndipo nilipokwama. Ningemwambia kwamba sajili inamtambua mwenye kitalu kwa barua pepe ile. Ningemwambia kwamba tukiliachia jina, mtu mwingine anaweza kulinunua, na barua zetu zitamfuata yeye. Nilijua hayo. Lakini alikuwa na wageni, na mimi nikiona wageni maneno yananiponyoka. Nikasema, "Barua tu za kawaida." Akasema haya, tuachane nalo. Nawaambia haya kwa sababu mjini watu husema Mkurugenzi ndiye aliyeponza kampuni. Nina hasira naye, ndiyo, maana alikuwa na tabia ya kuuliza swali huku ameshasimama. Lakini swali aliuliza. Mwenye jibu alinyamaza. Na baada ya hapo nilikuwa na njia nyingine rahisi kabisa, nayo ni kuingia kwenye sajili mwenyewe nikaandika barua pepe mpya. Dakika kumi. Kila mwaka sajili ilikuwa inatuma ukumbusho, tafadhali hakiki taarifa zako. Nilikuwa naufuta. Ulikuwa mrefu.

Jina la zamani likakaa wazi miezi kadhaa, halafu mtu akalinunua. Sijui ni nani mpaka leo, wala sijui kama ni mtu mmoja au kampuni, na sitabuni. Alitengeneza upya barua pepe ya Mkude. Akaandika sajili akijiita Mkude. Akaambatisha barua yenye nembo yetu ya zamani na mhuri uliochorwa na kompyuta, akaomba taarifa za kitalu zibadilishwe. Na aliandika Kiingereza safi, kilichonyooka, bila kosa hata moja. Nilikuja kuisoma ile barua. Nilitamani kuwa mtu aliyeiandika, kabla sijakumbuka kwamba aliyeiandika ni mwizi.

Kwetu tulianza kuona Jumatatu asubuhi. Wale wa juu wanaotuunganisha na dunia walitufungia njia, kwa sababu sajili ilikuwa inaonyesha kitalu si chetu tena, na huko mbali mtu mwingine alikuwa ameanza kutangaza kwamba namba zile ziko kwake. Ni sawa na barua zote za nyumba yako kuanza kupelekwa kwa mgeni mwenye funguo. Mjini tuliwapa wateja namba za kuazima, wakanung'unika, wakaishi. Lakini kituo cha afya cha masista, kule juu upande wa Mgeta, kilikuwa na mashine ya vipimo iliyotuma matokeo yakasomwe mjini, na kompyuta iliyopokea majibu kutoka hospitali ya huko, na mitambo ile ya mjini ilikuwa imefundishwa kukitambua kituo kwa namba yake na si nyingine. Namba ya kuazima ikafungiwa mlango.

Sista Agatha, msimamizi wa kituo, ni mtu asiyepandisha sauti. Alinipigia.

"Mkude, majibu hayaji."

"Tunalishughulikia, Sista."

"Nina sampuli za wajawazito wanne. Nimezituma mjini kwa pikipiki. Na majibu yatarudi kwa pikipiki. Barabara unaijua."

"Naijua, Sista."

"Basi sikuambii kitu ambacho hukijui," akasema, akakata.

Ilikuwa masika. Siku tisa sampuli zilishuka na majibu yakapanda mlima ule kwa pikipiki, kwenye mfuko wa nailoni ndani ya koti la dereva. Hakuna aliyekufa, nisiongeze chumvi. Lakini mama mmoja alisubiri siku mbili kujua kama aongezewe damu, ameketi kwenye benchi na mama mkwe wake, na hilo ninalijua kwa sababu niliwakuta. Nilikuwa nimepanda kwenda kuangalia redio ambayo haikuwa na ubaya wowote. Nilipanda kwa sababu sikuweza kukaa mezani. Yule mama mkwe akanisalimia, akaniuliza kama mimi ndiye daktari. Nikamwambia hapana, mimi ni fundi. Akasema, "Basi rekebisha, mwanangu." Nikafungua kisanduku cha redio, nikakifuta vumbi, nikakifunga.

Tuliandika sajili tukilalamika. Sitawasema vibaya. Walijibu siku hiyohiyo, wakazuia kitalu kisiguswe zaidi, wakatuita kwenye mazungumzo ya video. Binti mmoja mpole, mimi na Mkurugenzi upande huu. Akatueleza: ana makaratasi ya pande mbili, yote yana mihuri, na hati yetu ina jina jipya wakati kitalu kiko kwa jina la zamani. Hati za kuonyesha kwamba kampuni ni ileile zilikuwa zinatafutwa, lakini zingechukua muda. Akaniuliza, na aliuliza kwa nia njema, kama kuna mtu yeyote kwenye jumuiya anayenifahamu. Akasema ametafuta jina langu kwenye kumbukumbu za orodha tangu nijiunge.

Hakulikuta. Mkurugenzi akanigeukia. 

Mnaelewa lililotokea? Mwizi hakuvunja mlango wowote. Alivaa jina langu, na jina langu lilikuwa halina mtu ndani. Orodha ile ina watu ambao hata wakiandika mistari miwili bila kutaja majina utajua ni nani. Yule anayeanza na salamu ndefu, yule anayekasirika kabla ya kusoma, yule wa namba zenye makosa. Mwizi asingethubutu kuwavaa hao. Wangeulizana, "Huyu mwenzetu leo kaamkaje?" Mimi nilimwachia fulana mpya kabisa, haijawahi kuvaliwa.

Nikampigia Mama Msuya, Same.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umefiwa?"

"Hapana, Mama. Kitalu kimechukuliwa."

"Kimechukuliwaje? Ni kuku?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kukohoa.

"Huyo mtu aliandika vipi?" akauliza.

"Vizuri sana."

"Basi wangejua si wewe."

"Wangejuaje, Mama? Sijawahi kuandika."

Nilisikia mbuzi wake.

"Miaka kumi na moja, Mkude. Hata 'naunga mkono' hukuandika?"

"Kiingereza changu, Mama."

"Nilikuuliza Kiingereza? Pale Dar nilikuuliza Kiingereza? Nilikwambia simama. Ulikwenda chooni. Ulidhani sikujua?" Akavuta pumzi. "Nitaandika mimi. Na wewe utaandika, leo, kwa mkono wako. Ukimpa mtu akuandikie nitajua."

Akaandika kwenye orodha, mbele ya kanda nzima, kwamba yeye ndiye aliyeomba kitalu kile, na anamfahamu Mkude wa Morogoro, na mwenye barua ile nzuri si Mkude. Nikaandika na mimi. Ilinichukua asubuhi nzima kutoa mistari mitano. Nilisema mimi ni fundi, nimesoma kidogo, kitalu chetu kimechukuliwa, kuna kituo cha afya mlimani kinasubiri, na kosa la kutobadilisha barua pepe ni langu. Nikabonyeza, nikatoka nje nikasimama uani kama mtu aliyepiga dirisha la watu kwa jiwe.

Wa kwanza kunijibu alikuwa mtu wa Madagaska. Akasema Kiingereza chake nacho ni cha kuokota, na kwao pia kuna milima, je, sisi radi inatusumbua? Akafuata mwingine, akaeleza jinsi yeye alivyolinusuru jina lake la mtandao. Wakafuata wengine, wakaanza kuwabana wale waliokuwa wanatangaza namba zetu huko mbali, fundi kwa fundi, mpaka wakaacha. Siku ya tisa kitalu kikarudi. Ni haki niseme kwamba hati za kampuni ndizo zilizomaliza shauri, na Mkurugenzi alizifuata mwenyewe Dar, akalala kwenye gari. Sitaki msimulie kwamba barua yangu ndiyo iliyorudisha. Lakini barua ile ilipotoka, nilikuwa nimeshakuwa mtu anayejulikana.

Tangu hapo niliandika kila mwezi hadi nilipostaafu. Ile mistari minne ya penseli niliituma pia, imechelewa, na mtu mmoja akaipinga vikali. Nilifurahi siku nzima.

Sasa mnajua kwa nini juzi Jumanne nilikasirika. Jina langu limo, barua pepe ina jina ambalo mwezi ujao mnalitupa, na kwenye orodha, tangu niondoke, Morogoro imenyamaza. Nimetafuta. Mnaandika kwenye kundi letu la simu, mnapiga kelele kwamba namba za Afrika zinakodishwa ng'ambo, mnaweka picha za kuchekesha, halafu wito wa mwisho unapita na hakuna hata mmoja wenu aliyesema kitu. Mmoja akaandika kwamba mambo ya sera ni ya wenye suti. Mwanangu, wenye suti watafurahi sana kusikia hivyo.

Nilifika hapo nikaiacha kalamu, maana nilikuwa nimeanza kutukana. Naendelea Jumamosi jioni.

Rehema amekuja leo na kompyuta yake. Nilikuwa nimempigia kwa ukali. Aliingia na matope hadi magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetoka wapi hivyo?"

"Juu. Radi imechoma redio mbili tena. Nimekuwa huko tangu Alhamisi." Akaketi. "Mzee, najua umekasirika. Ulivyoniambia mara ya kwanza nilikuwa mnarani. Mara ya pili nilikuwa mnarani. Mara ya tatu nilisahau, siwezi kudanganya."

Hilo la tatu lilinipunguzia ukali zaidi ya yale mawili. Yuko peke yake. Mimi nilikuwa na wasaidizi watatu na bado nilisahau miezi. Nimeahidi kuwa wa haki, kwa hiyo naliandika.

Tulifanya palepale mezani. Sajili ilituma barua ya uthibitisho kwenye anwani yangu ya zamani, na kwa kuwa jina bado ni letu kwa wiki chache hizi, Rehema aliweza kuifungua. Mwezi ujao ingeenda hewani, au kwa mtu. Akaandika jina lake na barua pepe yake. Nikamwambia bado. Sasa waandikie watu wa orodha wakujue.

Alikuwa ameshaiandaa, akanisomea. Ilikuwa ndefu, imenyooka, haina kosa hata moja. 

"Hii kaandika nani?"

"Mimi, mzee. Nimeipitisha tu kwenye ile programu, inanyoosha Kiingereza. Wote tunafanya hivyo."

"Ya mwizi ilikuwa hivihivi," nikamwambia.

Akaifuta yote. Akaanza upya, polepole, anaandika na kufuta, anauma mdomo. Alipofika mwisho akaniuliza, "Wakicheka, mzee?"

"Watakuwa wameshakujua."

Alisema yeye ni Rehema wa Morogoro, anapanda minara, ameandika barua hii akiwa na matope, kitalu sasa anakitunza yeye, na anauliza wenzake wa milimani wanaikabili vipi radi. Akabonyeza. Kabla hajamaliza chai, yule mtu wa Madagaska alikuwa ameshajibu.

Nikafungua ukurasa wa sajili. Jina langu halimo. Sikufurahi kama nilivyotegemea, nililitafuta mara mbili. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshaufungua, nikatazama vitalu vya majirani zetu wa mkoa huu, kimoja baada ya kingine, nione nani anaulizwa. Mmoja kahamia Mbeya siku nyingi. Mmoja aliacha kazi hizi, ana mashine ya kukoboa Dumila. Na wa tatu ni Kobelo. Wakubwa kati yenu mnamkumbuka, alikuwa fundi wa wenzetu, mcheshi, aliyenifundisha kufunga kamba kwa mkono mmoja. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Kwenye sajili bado ni msimamizi, na barua yoyote ya kitalu kile inatumwa kwake.

Sijaandika Kobelo alikuwa wa kampuni gani. Mnajijua. Jumatatu asubuhi nitakuja hapo ofisini kwenu, nitaketi, na sitatoka mpaka mmetuma kwenye sajili jina la mtu aliye hai.